Sikukuu ni ya Nani?

Yako maswali ambayo watu huyapeleka kwa wenye elimu, na yako mengine ambayo jibu lake hupatikana jikoni. Swali tunalotaka kuliweka leo mbele ya wasomaji wetu ni la namna hii ya pili. Twauliza hivi: katika nyumba yenye mtoto mchanga, sikukuu ni ya nani? Msomaji pengine atajibu mara moja, "Ni ya wote." Jibu hilo ni zuri, nasi twapenda liwe kweli. Lakini tukiziangalia nyumba zetu siku ya Krismasi, tangu jogoo la kwanza hata taa izimwapo, je, twaiona kweli hiyo? Twamwomba msomaji asifanye haraka. Na asome kwanza habari hizi, kisha ajihukumu mwenyewe, kama sisi tulivyolazimika kujihukumu.

Hatuna budi kuanza na furaha yenyewe, maana sisi wanaume twaisifu sana wala hatuijui. Tukisema, "Mama fulani amefurahi, amepata mtoto," twadhani ya kuwa furaha hiyo ni jambo moja kubwa lililokuja siku ya kuzaliwa, likaisha, kama jina linavyoandikwa mara moja katika kitabu cha ubatizo. Sivyo. Furaha ya mama mzazi ni vitu vidogo vingi, kila kimoja na saa yake. Ni vidole vitano vinavyokaza kidole chake kimoja gizani. Ni kichwa chenye joto kilichoegemea shingo yake, na harufu yake ambayo hakuna mafuta ya dukani yanayoifikia. Ni chafya ndogo inayomshtua yeye mwenyewe aliyeipiga. Ni mtoto aachaye ziwa kitambo, akamtazama mama yake usoni kana kwamba ataka kumwuliza jambo, kisha akarudi kunyonya kana kwamba amekwisha kujibiwa. Ni miguu inayopiga maji ya beseni hata kanga ya mama ikalowa, naye hakasiriki. Mambo hayo hayana bei sokoni, wala hayasimuliki barazani. Mama akiyasimulia, watu humwitikia kwa adabu, kisha wakageuza maneno.

Walakini yana maana kuu. Wataalamu wametufundisha ya kuwa mtoto azaliwapo haoni vema vitu vilivyo mbali. Huona vema kadiri ya sentimeta 20 hata 30, ndiyo nafasi iliyopo kati ya ziwa la mama na uso wake. Basi kitu cha kwanza akijuacho duniani kwa macho ni uso wa yule amnyonyeshaye. Sauti yake aliijua hata kabla ya hapo. Mwaka 1980 wataalamu wawili wa Marekani, DeCasper na Fifer, walionyesha ya kuwa watoto wenye siku chache tu huitambua sauti ya mama, na huipenda kuliko sauti ya mwanamke mwingine. Tena, yapata juma la sita, mtoto huanza kutabasamu kwa kuuitikia uso wa mtu. Na yapata mwezi wa tatu au wa nne hucheka kwa sauti. Mambo hayo hayaji yote pamoja, wala hayaji kwa kupigiwa kengele. Na kila moja lina mara yake ya kwanza, ambayo ikiisha kupita hairudi.

Neno hilo twataka lishikwe sana, maana ndipo penye mzizi wa swali letu. Furaha za namna hii haziwezi kuitwa. Shamba lina majira yake, shule ina saa zake, hata ibada ina kengele yake. Lakini mtoto atacheka apendapo yeye, na mwenye kukipata kicheko hicho ni yule aliyekuwapo. Kwa hiyo mama hana haja ya kufundishwa kufurahi. Haja yake ni kuwapo, tena awe na nafasi: mikono isiyoshika kisu, macho yasiyo na moshi, moyo usiohesabu sahani.

Wazee wetu waliokuwa hawajui kusoma walilijua jambo hili. Pwani, mama aliyejifungua huwekwa siku arobaini. Hukandwa kwa maji ya moto, hufungwa tumbo kwa kanga, hupikiwa uji wenye pilipili manga, wala hashiki kazi nzito. Uchagani, katika vijiji vilivyo chini ya Kilimanjaro, desturi ya kale ilikuwa mzazi akae ndani yapata miezi mitatu. Alipikiwa mtori, yaani ndizi na nyama zilizopondwa pamoja zikawa kama uji mzito. Wengine walimchotea maji na kumkatia ng'ombe majani. Kazi yake yeye ilikuwa kula, kulala, na kumwangalia mtoto. Tena waliochunguza desturi hizo wameandika ya kuwa siku alipotoka mara ya kwanza kwenda sokoni alipambwa, akapokewa kwa nyimbo kama shujaa arudiye kutoka vitani. Siku hizi sheria ya kazi ya Tanzania nayo humpa mama aliyeajiriwa siku 84 za likizo ya uzazi, au siku 100 akizaa zaidi ya mtoto mmoja kwa mara moja. Siku 84 ni majuma 12, karibu sawasawa na ile miezi mitatu ya wazee. Lakini mama mkulima hana mwajiri wa kumpa likizo. Likizo yake imo mikononi mwa watu wa nyumbani kwake, nao wakimnyima, hana mahali pa kushtaki.

Sasa tuitazame sikukuu. Kila mwaka, Desemba ikifika, watu wa Kilimanjaro wakaao Dar es Salaam, Arusha, Mwanza na mahali pengine hurudi kwao. Mabasi hujaa. Safari ya kutoka Dar es Salaam hata Moshi ni kadiri ya kilometa 550, na mwenye mtoto mchanga huifanya mtoto akiwa mapajani. Sisi hatusemi neno baya juu ya safari hii. Ni desturi njema, na wenyeji wa mikoa mingine huistaajabia. Mtoto aliyezaliwa mbali huletwa katika kihamba cha babu yake, aione migomba na mibuni, na Kibo asubuhi kabla mawingu hayajaufunika. Bibi humpokea mlangoni, humpeleka penye mwanga, humchungua masikio na vidole, kisha hutamka, "Huyu ni wetu," na watu wote hucheka. Babu ambaye mikono yake hutetemeka huketishwa kwanza, ndipo apewe mtoto. Wengi hubatizwa siku hizo, kwa kuwa ndipo wasimamizi na ndugu wanapokuwapo. Hiyo ni furaha ya kweli, na mzazi amnyimaye mtoto wake hiyo amemnyima urithi.

Lakini sikukuu hiyo hiyo ina mlango wa nyuma, nao ni mlango wa jikoni. Watu kumi na wanane wamekuja, na wote watakula mara tatu. Nani atamenya ndizi? Nani atachambua mchele, atachochea kuni, atasugua masufuria, atachota maji bomba likikauka? Kwa kawaida ni wake za wana wa nyumba, na aliye mdogo kati yao ndiye atumwaye zaidi. Na mara nyingi huyo mdogo ndiye mwenye mtoto mchanga. Hivyo yule ambaye furaha ya nyumba yote imetoka kwake ndiye aliye mbali nayo kuliko wote.

Twasimulia sasa habari za nyumba moja tunayoijua vema, kwa sababu ni yetu wenyewe. Tulikuwa tukifundisha mbali na kwetu, na mtoto wetu wa kwanza alikuwa na miezi minne tulipomchukua kwenda kwa wazee. Mama yake alikuwa akingojea jambo moja. Kila jioni, kazi ikiisha, alimpakata, akajaza mashavu pumzi, akalia kama kuku atagaye. Mtoto alifumbua kinywa akatabasamu uso mzima, lakini sauti haikutoka. "Kesho," mama alisema. "Kesho utanichekea." Sisi tulikuwa tukisahihisha madaftari mezani, tukamsikia akisema hivyo jioni nyingi.

Siku ya Krismasi alikuwa mekoni tangu jogoo la kwanza. Mtoto aliletewa anyonye, kisha akachukuliwa tena, maana kila mtu alitaka kumbeba. Mchana tulikuwa tumeketi na ndugu zetu chini ya mparachichi, sisi tumempakata mtoto. Karibu nasi palikuwa na mbuzi amefungwa. Yule mbuzi akapiga chafya. Mtoto akamtazama, akashtuka, kisha akacheka. Akacheka kwa sauti, na mbuzi alipotikisa masikio akacheka tena, hata watu wote wakacheka kwa ajili yake. Mmoja akatoa simu akapiga picha. Nasi tulijaa fahari, tukaenda mbio jikoni kupeleka habari njema.

Mwenzetu alikuwa amechuchumaa penye sufuria kubwa, machozi ya moshi yakimtoka. Tulisema, "Mtoto amecheka! Kwa sauti kabisa! Wote wamemsikia."

Aliuweka mwiko chini. Akasema, "Wote?" Tena akasema, "Basi nimebaki mimi." Kisha akauokota mwiko, maana chakula kilikuwa karibu kuungua.

Hakugomba, wala hakumwambia mtu ye yote neno. Usiku, nyumba ilipotulia, tulimwonyesha ile picha. Kinywa cha mtoto kilikuwa wazi na macho yamefumba kwa kicheko. Aliiangalia sana, akairudisha. Akasema, "Baba, leo mmeniletea habari za mtoto wangu kama habari za mtu aliye safarini." Hatukuwa na jibu. Tokea usiku huo tumekuwa tukilifikiri swali hili, na hayo tuyaandikayo ndiyo matunda yake.

Swali la kwanza lilikuwa hili: je, mtu aweza kudhulumiwa furaha? Mtu akichukua jembe la mwenzake, aweza kulirudisha. Akimtumikisha siku nzima, aweza kumlipa ujira wake. Akimvunjia jina, aweza kusimama mbele za watu akakiri. Lakini saa moja ya furaha ni kitu gani, hata tuseme imeibwa? Haina uzito, haina bei, wala hakuna mkono ulioichukua. Sisi hatukumkataza mwenzetu kutoka jikoni. Hakuna aliyemfungia mlango. Kama kungalikuwa na baraza la wazee, wangaliuliza, "Kosa ni la nani?" wasione mtu wa kumtoza faini.

Walakini moyo wetu ulijua ya kuwa jambo limepotea, na ya kuwa limepotea kwa mikono yetu. Tulipozidi kufikiri, tuliona ya kuwa mtu aweza kudhulumu pasipo kukigusa kitu chenyewe. Mtu avunjaye mtungi hakuyaiba maji; hata hivyo mwenye kiu atalala na kiu. Furaha ya mama ni maji, na nafasi ndiyo mtungi. Sisi hatukuyachukua maji; tulivunja mtungi, tena bila chuki, tukiwa katika kicheko na shangwe. Dhuluma ya namna hiyo ni ngumu kuliko ya mwizi kwa neno moja: mwizi ajua ya kuwa ni mwizi, nasi tulijiona kuwa watu wa ukarimu.

Hapo twasikia sauti za wasomaji wakitupinga, nasi twapenda kuzisikiliza, maana twazijua. Ni zile zile tulizojitetea nazo sisi wenyewe.

Wa kwanza asema, "Mwanamke mwema hufurahi kuwapikia watu wake. Kazi ndiyo furaha yake." Twakubali ya kuwa wako wengi wapikao kwa upendo, na mwenzetu ni mmoja wao. Lakini upendo ni zawadi, na zawadi hujulikana kwa jambo moja, ya kuwa mwenye kutoa angaliweza kutokutoa. Je, tulimwuliza? Hatukumwuliza. Tuliikuta kazi imo mikononi mwake, tukaiita upendo, kwa kuwa jina hilo lilitupunguzia deni.

Wa pili asema, "Mama zetu walifanya hivyo, wala hawakulalamika." Neno hili lina makosa mawili. La kwanza ni hili: mama zao mama zetu walikuwa na ile miezi mitatu. Sisi tumeishika desturi ijazayo nyumba watu, tukaitupa desturi iliyompumzisha mzazi, kisha twasema twawafuata wazee. La pili, kunyamaza si ushuhuda. Sisi tulimwuliza mama yetu mwenyewe, aliyezaa watoto saba, kama aliwaona wakicheka mara ya kwanza. Alikaa kimya kitambo, akiendelea kupepeta maharagwe. Kisha akasema, "Wa mwisho nilimwona akianza kutembea. Wale wengine niliambiwa." Basi watoto sita walianza kutembea mama yao asiwaone, na katika miaka ile yote hatukumsikia kulalamika, kwa sababu katika miaka ile yote hatukumwuliza.

Wa tatu asema, "Mgeni ni baraka, wahenga walinena, mgeni njoo, mwenyeji apone." Nasi twaipenda methali hiyo, ila twaomba isomwe mpaka mwisho. Haisemi, mgeni njoo, mwenyeji augue. Ajapo mgeni, apaswa kumponya mwenyeji: amletee habari, amtue mzigo, amchangamshe. Mgeni aliyekula mara tatu, akambeba mtoto, akapiga picha, akaondoka akimwacha mzazi amevimba miguu, huyo ametimiza nusu ya methali, tena ile nusu iliyo rahisi.

Wa nne ana hoja nzito kuliko hao wote. Asema, "Mtoto si wa mama peke yake. Ni wa ukoo. Mama akitaka kila furaha ya mtoto iwe yake, huo ni ubinafsi." Hoja hii haistahili kudharauliwa. Ni kweli mtoto ni wa wengi, na heri mtoto mwenye magoti mengi ya kukalia. Hatutaki mama ajifungie chumbani na mtoto kama bahili na fedha yake. Lakini kushiriki maana yake ni kila mtu apate sehemu. Tukigawa nyama, hatumpi kila mtu kipande na kumwacha yule aliyemchinja mnyama. Mwenzetu hakuomba kicheko kile kiwe chake peke yake. Alisema tu, "Basi nimebaki mimi." Aliomba kuhesabiwa miongoni mwa wote.

Tena jambo hili si la mama tu, ni la mtoto pia. Mwaka 1978 mtaalamu wa Marekani, Edward Tronick, pamoja na wenzake, walieleza jaribio walilolifanya. Mama alicheza na mtoto wake mchanga, uso kwa uso, kisha akaambiwa aunyamazishe uso wake, asicheke wala asiitikie. Mtoto alijaribu kumrudisha: alimtazama, akamchekea, alipoona haitikiwi aliugeuza uso wake akajikunja. Mama aliye hoi kwa kazi uso wake hunyamaza pasipo yeye kutaka. Methali yetu yasema ya kuwa kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana. Twaweza kuongeza ya kuwa sehemu kubwa ya kulea huko ni uso wenye nguvu ya kuitikia, na nguvu hiyo hutoka katika usingizi, chakula, na watu wa kusaidia.

Na ikiwa sikukuu yenyewe ni Krismasi, na tukumbuke ni sikukuu ya nani. Ni sikukuu ya mama mchanga aliyekuwa safarini, akajifungua mbali na kwao, akafikiwa na wageni usiku. Luka asimulia ya kuwa wachungaji walikuja, wakaeleza waliyoambiwa, wakarudi zao. Hatusomi mahali po pote ya kwamba Mariamu aliondoka akawapikia. Twasoma ya kwamba alikuwa na nafasi ya kuyafikiri moyoni mwake yale aliyoyasikia. Na siku za utakaso zilipotimia, mtoto alipopelekwa hekaluni, mzee Simeoni alimpokea mikononi mwake akamshukuru Mungu. Hata hivyo hakumsahau mama aliyesimama karibu, bali alimgeukia akasema naye. Wachungaji walikuwa maskini, na Simeoni alikuwa mtu mwenye haki, mcha Mungu. Lakini wote walijua adabu ya kumwendea mtoto mchanga, kwamba humwendei mtoto kwa kumpita mama yake.

Basi tufanye nini? Hatutaki maneno yetu yaishie hewani kama moshi wa jiko tulilolisema.

Kwanza, kazi ya sikukuu na igawanywe kabla ya sikukuu, tena kwa kutaja majina. Kazi isiyotajiwa mwenyewe humwangukia aliye mdogo. Wanaume na wavulana waweza kupasua kuni, kuchota maji, kumenya ndizi na kuosha masufuria. Tusiseme hatujui mambo ya moto, maana mwanamume awezaye kumchoma mbuzi mzima akaiva vizuri hawezi kuapa ya kuwa jiko ni jambo geni kwake.

Pili, mama mwenye mtoto anyonyaye asitumwe kazi ya moto. Akipenda mwenyewe kupika, na apike, tena apewe kazi nyepesi awezayo kuiacha mtoto akimwita. Na awe wa kwanza kula na kunywa, wala si wa mwisho. Waganga wa sasa hufundisha ya kuwa mtoto apewe maziwa ya mama peke yake miezi sita ya kwanza. Basi sahani ya mama ndiyo sahani ya mtoto. Tukimwacha mama akombe ukoko wa sufuria, tumemlisha mtoto wetu ukoko.

Tatu, mtoto afanyapo jambo jipya, mwiteni mama kabla ya kutafuta simu. Picha ni kitu kizuri, lakini picha ni ya kuonyeshwa kesho, na mama yu hai leo, hatua ishirini tu kutoka hapo mlipo.

Nne, twawaomba akina mama wakwe. Ninyi mna uwezo ambao sheria hauna, wala sisi walimu hatuna. Neno moja lenu, "Keti, mwanangu," lafaa kuliko makala hii yote. Mzazi akiketi kwa kuambiwa na mumewe, watu husema ni mvivu. Akiketi kwa kuambiwa na mama mkwe, watu husema nyumba hii ina heshima.

Twajua ya kuwa wako wasomaji watakaosema ya kwamba jambo hili ni dogo, na ya kuwa ulimwengu una taabu kubwa kuliko kicheko kilichokosa kusikiwa. Ni kweli ni dogo. Lakini na watufikirie: tusafiri kilometa mia tano, tuchinje, tuimbe, tuvae nguo mpya, na yote hayo kwa ajili ya furaha, nayo furaha iliyo karibu kuliko zote tuikanyage mlangoni tukiingia? Mtu asiyeweza kulinda furaha ndogo iliyo nyumbani kwake hatujui atailindaje iliyo kubwa.

Pasaka iliyofuata tulirudi tena kwa wazee. Mama yetu alikuwa ameyasikia yote, ingawa hatujui ni nani aliyemwambia. Tulipofika tu, alimshika mkwewe mkono, akamwonyesha mkeka uliotandikwa chini ya mparachichi. Akasema, "Keti, mwanangu." Sisi tulichukua kisu tukaenda kumenya ndizi. Utomvu ulituchafua vidole vyote, na ndugu zetu walitucheka sana, hata mmoja wao alipoona tunaharibu ndizi akavuta kigoda, akachukua kisu cha pili. Kicheko cha kwanza hakikurudi, wala hatudai ya kuwa tumekilipa. Mtoto naye hakufanya jambo jipya siku hiyo. Alikaa mkekani, akatafuna kijiko cha mti, akamshangaa kuku, akalala. Mama yake aliyaona yote.